Wakoma Wanne Mlangoni: Namna ya Kutafuta, Kupima na Kugawa Habari

Maandiko ya kusoma pamoja: 2 Wafalme 6:24 mpaka 7:20, Yoshua 22:10-34, 1 Wathesalonike 5:19-21.
Fungu la kushika moyoni: 2 Wafalme 7:9. Kila mmoja alisome katika Biblia yake, kwa Kiswahili au kwa Kinande.



Somo la leo linagusa kazi ambayo kila mmoja wetu anaifanya tangu asubuhi mpaka usiku, bila kufikiri kwamba Mungu anaiangalia. Kazi hiyo ni kuuliza habari, kuipokea, na kuipeleka kwa mwingine. Mtu wa Butembo akiamka anauliza kama barabara ya Beni ni salama. Mama wa Beni hachukui jembe lake kabla ya kumwuliza jirani kama kuna aliyeona kitu upande wa mashamba. Tangu mauaji yalipoanza pande za Beni mwezi wa Oktoba 2014, swali kama hilo si mchezo. Wako waliopata habari ya kweli kwa wakati wakabaki wazima, na wako walioikosa, tukawazika. Tena mwezi wa Juni 2024, Kanyabayonga ilipoanguka mikononi mwa M23, familia nyingi zilibeba magodoro na kuelekea Lubero na Butembo kwa sababu ya habari waliyoisikia.

Kwa hiyo hatuandiki somo hili ili kuwacheka watu wanaosikiliza redio trotwari. Hapa kwetu habari ni kama chakula. Lakini chakula nacho kinaweza kuwa na sumu, na mama mwenye akili hawapi watoto kitu asichokijua. Swali letu basi ni hili: mtu wa Mungu, tena wa kanisa linaloamini unabii, anapima habari kwa njia gani?

1. SAMARIA NA HABARI TATU

Tusome 2 Wafalme. Ben-hadadi, mfalme wa Shamu, alikuwa ameuzingira mji wa Samaria. Njaa ikawa kali hata kichwa cha punda kikauzwa kwa vipande 80 vya fedha. Nabii Elisha akasema kwamba kesho yake, saa ileile, unga na shayiri vitauzwa kwa bei ndogo langoni pa mji. Akida mmoja wa mfalme hakuamini.

Jioni hiyo wakoma wanne waliokuwa wakikaa nje ya lango wakaamua kwenda kambini kwa adui, maana hawakuwa na kitu cha kupoteza. Wakakuta hema tupu. Washami walikuwa wamesikia kishindo cha magari na farasi, wakadhani mfalme wa Israeli amekodisha majeshi ya mataifa mengine, wakakimbia na kuacha kila kitu. Wale wakoma wakala, wakanywa, wakaanza kuficha fedha. Halafu wakajiuliza kama ni haki kunyamaza wakati mji mzima unakufa kwa njaa. Wakarudi usiku ule, wakawaambia walinzi wa lango.

Angalieni vizuri, ndugu. Hapa kuna habari tatu, nazo zimepokewa kwa namna tatu.

Washami walisikia kishindo. Bwana ndiye aliyewasikizisha, lakini wao hawakutuma hata mtu mmoja akaangalie. Walisemezana wao kwa wao, kila mmoja akaongeza hofu ya mwenzake, mpaka jeshi zima likakimbia mbele ya farasi ambao hawakuwako.

Akida alisikia neno la nabii. Yeye alilikataa palepale, bila kungoja na bila kuangalia. Aliona chakula kwa macho, lakini hakukila. Watu walimkanyaga langoni, akafa.

Mfalme alisikia habari ya wakoma. Aliogopa kwamba ni mtego, na hofu yake ilikuwa na sababu, maana vitani adui anajua kudanganya. Lakini alikubali shauri la mtumishi wake. Walituma watu na farasi wafuate nyayo mpaka mto Yordani, wakakuta njia nzima imejaa nguo na vyombo ambavyo Washami walivitupa. Wajumbe wakarudi, wakasema walichokiona. Ndipo mji ukatoka, ukala.

Tunajifunza nini? Aliyekimbia bila kuangalia alipoteza mali yake. Aliyekataa bila kuangalia alipoteza uhai wake. Aliyetuma watu wakaone aliwaponyesha wengi.

2. TULIYOYAONA BUTEMBO NA BENI

Tusifikiri kwamba hayo ni mambo ya zamani tu. Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza Ebola katika Kivu ya Kaskazini. Ilianzia kuonekana Mangina, ikaingia Beni, ikashuka mpaka Butembo na Katwa. Ilikuwa mara ya kumi kwa Kongo kupigwa na ugonjwa huo tangu Yambuku, mwaka 1976, lakini kwetu ilikuwa mara ya kwanza. Mlipuko huo ulitangazwa kuwa umekwisha tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 walikuwa wameugua, na 2,287 kati yao walikufa. Duniani kote ni mlipuko mmoja tu wa Ebola uliozidi huo, ule wa Afrika ya Magharibi.

Katika miezi hiyo habari zilikuwa nyingi kuliko wagonjwa. Wengine walisema Ebola haiko. Wengine walisema iko, lakini imeletwa ili kutumaliza. Wengine walisema ni biashara ya watu wa Riposti, au kwamba chanjo ndiyo inayoua. Mwezi wa Septemba 2018 watafiti waliwauliza watu wazima 961 wa Beni na Butembo maswali juu ya jambo hilo. Karibu mtu mmoja kati ya wanne alijibu kwamba haamini kama Ebola ni kitu cha kweli. Na wale wasioamini ndio waliokuwa wazito kwenda kituo cha afya au kukubali chanjo.

Maneno hayo hayakubaki maneno. Tarehe 24 na 27 Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilivamiwa na kuchomwa moto. Tarehe 19 Aprili 2019 daktari Richard Valery Mouzoko Kiboung, mtu wa Kameruni aliyekuja kutusaidia, aliuawa kwa risasi Butembo, katika hospitali ya chuo kikuu. Mwezi wa Novemba 2019, kule Lwemba, jirani zetu wa Ituri, mtangazaji wa redio Papy Mahamba Mumbere aliuawa nyumbani kwake, muda mfupi baada ya kuongoza kipindi juu ya Ebola. Wote wawili walikuwa wakipeleka habari au dawa. Tuwakumbuke.

3. UONGO ULIPATAJE MLANGO?

Si haki kuwalaumu watu peke yao. Uongo hauingii katika nyumba isiyo na mlango wazi, na mlango huo ulifunguliwa na wengi.

Kwanza, watu walikuwa wamezika ndugu zao kwa miaka minne kwa sababu ya panga na risasi, na waliona msaada mdogo. Ghafla, kwa ajili ya ugonjwa mmoja, yakaja magari mengi na fedha nyingi. Mtu akauliza: hawa walikuwa wapi tulipokuwa tukichinjwa? Swali hilo halikuwa la kijinga.

Pili, tarehe 26 Desemba 2018 tume ya uchaguzi ilitangaza kwamba Beni na Butembo, pamoja na Yumbi, hazitapiga kura tarehe 30 pamoja na nchi nzima. Sababu zilizotajwa zilikuwa Ebola na usalama. Lakini makanisa, masoko na shule vilikuwa wazi. Kesho yake watu wenye hasira walivamia kituo kimoja cha wagonjwa mjini Beni, na wagonjwa wakakimbilia mitaani. Siku ya kura yenyewe, watu wa Beni walijipangia uchaguzi wao wenyewe, wakinawa mikono kwanza na kusimama kwa mstari, ili waonyeshe kwamba Ebola haikuwa kizuizi. Tangu hapo, aliyesema "Ebola ni siasa" alipata wasikilizaji.

Tatu, habari nyingi zilitolewa kwa Kifaransa kigumu, na watu tusiowajua, wakati mwingine wakiwa na askari pembeni. Bibi wa Kalunguta atauliza nini kwa mtu mwenye bunduki nyuma yake?

Hapa tuangalie methali yetu moja tunayoipenda: "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Methali hiyo ni kweli kwa upande mmoja: nyuma ya kila uvumi kuna kitu, hata kama ni maumivu tu. Aliyesema "wanataka kutumaliza" alikuwa na kaburi la mtoto moyoni mwake. Basi ukisikia uvumi, usimtukane msemaji. Tafuta kwanza jeraha liko wapi. Lakini methali hiyo si ushahidi. Jeraha ni la kweli, na bado habari inaweza kuwa ya uongo. Watu wengi walikufa kwa sababu walichanganya mambo hayo mawili.

4. NABII ALISEMA, TENA FARASI WALITUMWA

Tufike sasa kwenye neno linalotuhusu sisi zaidi. Wako wanaosema: "Kanisa letu lina Roho. Tukiambiwa jambo kwa maono, kuuliza tena ni kukosa imani." Ndugu, turudi Samaria. Elisha alikuwa nabii wa kweli, na neno lake lilitimia lote. Hata hivyo wajumbe walitumwa mpaka Yordani, na hakuna mahali tunaposoma kwamba Mungu aliwakemea kwa kwenda kuangalia. Aliyehukumiwa ni akida, ambaye alikataa. Kuangalia na kukataa si kitu kimoja. Na Paulo alipowaandikia Wathesalonike, katika maneno yaleyale alikataza kuzima Roho na kudharau unabii, tena akaagiza kila jambo lijaribiwe. Aliyeagiza yote mawili hakuona ugomvi kati yake.

Kwa hiyo mwonaji anayekataa neno lake lipimwe, huyo anajitafutia heshima yake mwenyewe. Neno la Mungu haliogopi farasi wawili wa kwenda kuangalia.

Tuchukue mfano ambao mnaujua. Mtoto ana homa. Mama anamwuliza mama mkwe wake, naye anasema ni meno. Jirani anasema ni malaria. Mwuza dawa wa pembeni anampa vidonge. Mwingine anampeleka kwenye kituo kidogo cha mtu binafsi, vile vinavyochanganya sindano na dawa za kienyeji. Mwisho analetwa katika chumba cha maombi, na mtu anaona katika maono kwamba mtoto amerogwa na shangazi yake. Mama huyo ameuliza watu watano, lakini hakuna hata mmoja aliyeangalia damu ya mtoto. Mwaka 2018, pale Beni, watoto wengi walipata Ebola katika vituo vidogo vya namna hiyo, walikopelekwa kwa ajili ya malaria. Kuuliza watu wengi si kupima. Kupima ni kumfikia yule anayeweza kuona.

Na lile neno juu ya shangazi ni la hatari kuliko homa. Likisemwa mbele ya watu, familia inavunjika siku ileile, na sehemu nyingine vijana wanashika mawe. Ebola iliua watu wanne au watano katika nyumba moja, na jirani wakasema ni sumu au uchawi, kumbe walikuwa wamemwosha maiti mmoja kwa mikono. Mwonaji akipewa neno linalotaja mtu, asilitangaze. Alipeleke kwa wazee wa kanisa, kwa siri, nao walipime.

5. MADHABAHU YA YORDANI

Hapo tunaingia Yoshua 22. Makabila ya magharibi ya Yordani yalisikia kwamba ndugu zao wa mashariki wamejenga madhabahu kubwa. Habari yenyewe ilikuwa ya kweli, madhabahu yalikuwako. Lakini maana waliyoipa ilikuwa ya uongo: walidhani wenzao wamemwacha Mungu. Wakakusanyika ili kwenda vitani. Asante kwa Mungu, kabla ya kupiga walimtuma Finehasi na wakuu kumi wakaulize. Wenzao wakaeleza kwamba madhabahu yale hayakuwa ya sadaka. Yalikuwa ushahidi kwa watoto wao kwamba nao ni watu wa Bwana. Finehasi akarudi, vita ikaisha kabla ya kuanza.

Hakuna silaha iliyoponyesha watu wengi kama swali hilo moja lililoulizwa kwa mshitakiwa mwenyewe. Wazee wetu wa Kinande waliijua njia hiyo. Kyaghanda haikuwa mahali pa kuota moto tu. Mtu akileta neno juu ya mwenzake, mwenzake aliitwa, na pande zote mbili zilisikilizwa. Leo tumehamisha kyaghanda ndani ya telefone, lakini tumeacha nje yule anayesemwa.

6. WAKOMA WALIOPELEKA HABARI NJEMA

Katika Samaria habari iliyoponyesha mji ilikuja kwa watu ambao hawakuruhusiwa hata kuingia langoni. Vivyo hivyo kwetu, wapo watu waliokwenda mpaka kambini kwa adui na kurudi: waliopona Ebola, zaidi ya watu 1,100. Wengi waliporudi mitaani waliogopwa. Watu hawakununua bidhaa zao, hawakukaa nao benchi moja kanisani. Lakini wao walikuwa wameona ndani ya kituo kuna nini. Walijua kwamba mgonjwa anapewa maji, chakula na dawa, wala hakatwi viungo. Kwa kuwa mwili wao ulikuwa umepata kinga, wengine walikaa na watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wamelazwa, kazi ambayo mtu mwingine asingeweza kuifanya bila kuvaa mavazi ya kujikinga. Neno la mmoja wao lilifungua milango ambayo vipaza sauti vya magari havikufungua.

Tena pale Beni palijengwa vyumba vya plastiki inayoonyesha, ili jamaa amwone mgonjwa wake na kusema naye bila kumgusa. Aliyeona hakuhitaji kubishana tena. Hao ndio farasi wa mfalme.

Waliotaka kuona walikuta mengi. Chanjo ilianza kutolewa mwezi uleule wa Agosti 2018, na zaidi ya watu 300,000 waliipata. Dawa mbili zilipimwa hapahapa kwetu, Beni, Butembo, Katwa na Mangina, na mwezi wa Agosti 2019 ikatangazwa kwamba zinaponya kuliko nyingine. Moja kati yake, ile ya mAb114, ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola Kikwit mwaka 1995, kazi ya profesa wetu Jean-Jacques Muyembe na wenzake. Mgonjwa aliyefika mapema, virusi vikiwa bado vichache mwilini, alikuwa na nafasi ya kupona karibu mara 9 kati ya 10. Aliyefichwa nyumbani siku nyingi alikuwa na nafasi ndogo sana. Hesabuni basi ni ndugu wangapi walikufa kwa sababu habari njema ilifika kwao imechelewa, au ilifika wakaikataa kama yule akida.

7. MAMBO YA KUFANYA

Mwezi wa Julai 2019 mchungaji mmoja alitoka Butembo kwa gari la abiria akafika Goma akiwa mgonjwa. Wizara ya afya ilieleza kwamba alikuwa amehudumu katika makanisa na kuwawekea watu mikono, na kwamba njiani, kwenye vituo vya kupima, hakutoa jina moja. Huyo alikuwa mgonjwa wa kwanza wa Ebola kutambuliwa Goma, naye akafa. Dereva na abiria wa gari lile walitafutwa ili wachanjwe. Hatumhukumu mtu huyo, Mungu ndiye anayejua. Lakini jambo lile lilitokea kati ya watu wanaoomba kama sisi, na Ebola imerudi kwetu mara tatu baadaye: Februari 2021 pande za Butembo, Oktoba 2021 Beni, na Agosti 2022 Beni tena. Kwa hiyo sisi mashemasi tunaomba mambo haya yashikwe katika kila kanisa la mtaa:

a) Mgonjwa mwenye homa kali, kutapika, kuhara au kutokwa damu asilazwe katika chumba cha maombi. Tumwombee bila kumgusa, na saa ileile mtu aende kwa mwuguzi wa kituo cha afya au kwa mhudumu wa afya wa mtaa. Maombi yetu hayapungui nguvu kwa hatua mbili za umbali. Yesu alimponya mtumishi wa akida bila kufika nyumbani kwake.

b) Maiti ya mtu aliyekufa ghafla isioshwe wala isiguswe kabla ya wahudumu wa afya kuitwa. Familia iombe kushuhudia mazishi, na kanisa lisimame nayo.

c) Chumba cha maombi kiwe na daftari: jina la mgeni, mtaa wake, siku aliyofika. Ebola inaweza kukaa mwilini mpaka siku 21 kabla ya kuonekana. Bila daftari, hakuna atakayejua nani alikaa karibu na nani. Lakini daftari hilo si la kusomwa mbele ya kanisa. Si kila habari ya kweli ni ya watu wote. Habari ya ugonjwa wa mtu ni ya mgonjwa, ya jamaa yake na ya mwuguzi. Mama wa kanisa anayeitangaza sokoni amesema kweli, na bado amemwumiza ndugu yake. Mgonjwa mwingine akiona hivyo atajificha, na mficha ugonjwa, kifo humuumbua.

d) Habari ikija kwa telefone, iwe sauti, picha au maandishi, tuulize mambo matatu kabla ya kuipeleka mbele: Nani aliyeona kwa macho yake? Aliona lini na wapi? Nikinyamaza mpaka niulize, nani ataumia, na nikisema kabla ya kuuliza, nani ataumia? Sauti isiyo na jina, inayosema tu "ndugu mmoja wa Beni ameniambia", imalizikie kwako. Picha za maiti tusizipeleke kabisa.

e) Habari ya hatari ya usalama ni tofauti kidogo, maana saa moja inaweza kuwa uhai. Hiyo ipelekwe upesi, lakini ipelekwe kwa shefu wa mtaa na kwa jirani, ikiwa na jina la aliyeona na mahali. Usiseme "wameingia" kama ulichosikia ni mlio mmoja. Sema "nimesikia mlio mmoja, upande huu, saa hii". Msikilizaji atajua la kufanya.

f) Tukigundua kwamba habari tuliyoitangaza kanisani haikuwa kweli, tuisahihishe palepale tulipoitangazia, Jumapili inayofuata, kwa sauti ileile. Kusahihisha hakumpunguzii mtumishi heshima.

8. NENO LA KUMALIZIA

Wakoma wale walijua kwamba wakingoja mpaka asubuhi watapatwa na hatia. Nasi tuna habari njema kubwa kuliko unga wa Samaria, tunayoitangaza kila Jumapili. Lakini nani atatuamini tukisema habari za mbinguni, kama habari za mtaani tunazipeleka bila kuziangalia? Mtu atasema: "Huyu ndiye aliyetuambia kwamba chanjo inaua, sasa anatuambia juu ya uzima wa milele." Ulimi wetu ni mmoja, na jirani anatujua kwa huo mmoja. Tumtunzie Mungu ushuhuda wake kwa kuwa watu ambao neno lao, likifika langoni usiku, walinzi wanaamka.

MASWALI YA KUJIBU KATIKA VIKUNDI

1. Washami, akida na mfalme walitofautiana kwa nini? Wewe unafanana na nani unapopokea habari?
2. Je, kutuma farasi kulikuwa kukosa imani katika neno la Elisha? Eleza.
3. Katika mtaa wako, nani ni kama wale wakoma: mtu anayejua jambo kwa kuliona, lakini watu hawamsikilizi?
4. Taja habari moja uliyoipokea wiki hii. Nani aliyeona? Lini? Wapi?
5. Habari gani ya kweli haifai kusemwa mbele ya wote, na ni nani anayepaswa kuambiwa?

TUOMBE

Ee Bwana, utupe masikio yanayosikia, miguu ya kwenda kuangalia, na ulimi unaongoja. Uwafariji waliopoteza watu wao Beni, Butembo, Mangina na Katwa. Uwape nguvu wauguzi na wote wanaopeleka habari ya kweli. Uwaongoze waonaji wa kanisa lako waseme uliyowapa tu, wala wasiongeze. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.